BEGA LIKICHOMOKA MCHEZONI

Golikipa hujirusha kuokoa mpira, na mcheza wavu huupiga kwa nguvu zote. Katika michezo kama hiyo bega huweza kuchomoka. Wazazi wengi hudhani kwamba likisharudishwa, mambo yamekwisha. Sivyo hata kidogo.

Hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachozunguka kama bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani kidogo. Kinachoushikilia ni kano na misuli. Bega likichomoka, kano hizo huvutika au kuchanika. Ndiyo maana kijana aliyechomoka bega mara moja yumo katika hatari kubwa ya kuchomoka tena.

Huduma ya kwanza
Msimvute mkono pale uwanjani. Mnaweza kuvunja mfupa, au kuumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Ufungeni mkono kwa kanga shingoni, jinsi ulivyo, na kumpeleka hospitali. Huko atapigwa picha ya eksirei na kurudishwa bega.

Tiba ya viungo
Mkono hufungwa kwa wiki 1 hadi 3. Wakati huo achezeshe vidole na kiganja kila siku visikakamae. Kisha mtaalamu wa fiziotherapia humfundisha mazoezi, kila moja kwa wakati wake:

1. Ainame, ashike meza kwa mkono mzima, na kuuacha ule ulioumia uning'inie na kuyumba taratibu kama timazi ya fundi mwashi.

2. Afunge kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo. Kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, avute tyubu kuelekea tumboni. Kisha ageuke, aivute kutoka tumboni mpaka mkono uelekee mbele.

3. Baadaye asimame mbele ya ukuta na kuusukuma kwa mikono miwili.

Kwa wiki 6 za kwanza asiinue mkono na kuupeleka nyuma kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Hapo ndipo bega huchomoka tena.

Wazazi, angalieni hapa
Maumivu huisha mapema, lakini kuisha kwa maumivu si kupona. Kijana ataomba kurudi uwanjani, na kocha naye atamhitaji kwa mechi ya Jumapili. Kataeni. Michezo ya kugongana husubiri miezi 3 au 4, pengine zaidi, mpaka mkono uwe na nguvu sawa na mwenzake na mtaalamu aruhusu. Akiwahi, bega laweza kuwa la kuchomoka ovyo, hata anapogeuka kitandani, na mwisho wake ni upasuaji.

Basi msaidieni kufanya mazoezi yake nyumbani kila siku. Haraka haraka haina baraka.