Kipoyi hakibebwi na mtu mmoja



Katika vijiji vyetu vya Kivu ambako gari halifiki, mgonjwa bado hupelekwa kwenye kituo cha afya kwa kipoyi. Watu wanne huinua, na wengine hufuata nyuma ili kupokezana. Hakuna aliyeona kipoyi kikibebwa na mke peke yake. Lakini mgonjwa akiisha kutoka hospitalini, tunamwachia mke wake, au mume wake, mzigo wote.

Tunasema hivi kwa kutubu. Baba mmoja wa parokia yetu, mwalimu, alipatwa na kiharusi, ugonjwa ambao waganga huita AVC. Upande wa kuume ulipooza na maneno yakapotea. Hospitalini tulikwenda wengi: wazee wa kanisa, waimbaji, wamama na vyungu vya sombe. Aliporudi nyumbani tulimshukuru Mungu, tukaona kazi imekwisha. Miezi miwili baadaye tulimkuta mke wake amesinzia akiwa ameketi, uji unaungua juu ya mbabula. Akatuambia: «Pasta, mlikuja wakati alikuwa na waganga wa kumwangalia. Sasa ana mimi tu, na ninyi hamuonekani.»

Kazi kubwa iko nyumbani

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi yake kwa kurudiarudia. Ndiyo maana mtaalamu wa kine humwambia mgonjwa ainuke na kuketi, ainuke na kuketi, kila siku. Mara nyingi maendeleo makubwa huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, ingawa mtu anaweza kuendelea hata baadaye. Wengi wetu hupitisha miezi hiyo nyumbani, kwa sababu hospitali ni ghali na mtaalamu yuko mbali.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka hospitalini, mwenzi aombe kuonyeshwa mazoezi, kisha ayafanye mwenyewe mbele ya muuguzi. Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza, kwa maana bega linaweza kuteguka. Mshike kiunoni na mgongoni. Ikiwa hawezi kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda. Anapokula, aketi wima, na tonge liwe dogo. Akikohoa kila anapokunywa maji, mwambie muuguzi. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu tu anajisikia vizuri, wala kwa sababu mtu wa chumba cha maombi amesema amepona. Tunaomba, na dawa tunameza.

Tena, usimfanyie yote. Akiweza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, mwache afunge, hata kama ni dakika 10. Akitafuta neno, ngoja. Aliyepoteza maneno hakupoteza akili. Anasikia tunapomzungumzia kama mtoto. Akilia au kukasirika bila sababu, huenda ni ugonjwa wenyewe. Huzuni ikidumu, mwambieni daktari.

Maneno yanayovunja nyumba

Mara nyingi ndugu wa ukoo hufika wakiuliza nani amemloga, na macho yote humgeukia mke: labda amempa mume sumu. Mke akiwa ndiye mgonjwa, mume hushauriwa kimya kimya atafute mwingine. Sisi wachungaji tusinyamaze. Kiharusi kina sababu zake, na ya kwanza kati yake ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Na agano la ndoa halikuwekwa kwa siku za afya tu.

Pembe nyingine za kipoyi

Katika Marko 2 watu wanne walimleta mwenye kupooza kwa Yesu. Majina yao hayakuandikwa. Walipokosa njia, walifungua dari. Biblia inasema Yesu aliiona imani yao, yaani imani ya wale waliobeba.

Katika parokia yetu tulianza hivi. Wamama wawili walichagua Jumanne na Ijumaa: mmoja anakaa na mgonjwa, mwingine anateka maji, na mke analala au anakwenda sokoni. Vijana walisawazisha mawe ya volkano kati ya nyumba na choo, wakafunga mti wa kujishikia. Mashemasi walikusanya pesa za pikipiki ya kwenda kwenye kine. Nasi tukajifunza, baada ya kumwombea mgonjwa, kumgeukia mwenzi wake na kuuliza: «Na wewe, uko namna gani?» Mara ya kwanza tulipouliza, mama yule alilia kabla ya kujibu.

Mwalimu bado anasema kwa shida, na hajarudi darasani. Lakini anatembea kwa fimbo hadi kanisani, mke wake akiwa kando yake bila kumshika.

Jumapili hii, kabla ya matangazo, tuulizane: nani ametoka hospitalini tangu mwezi uliopita, na nani yuko naye nyumbani? Tuandike majina yote mawili.