Mwanao Kasomea Nini? Jibu la Mlangoni ni Amana

Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa msikiti wetu alitusimulia jambo lililotufikirisha. Mdadisi wa takwimu alibisha hodi kwake kwa ajili ya utafiti wa nguvukazi, akauliza elimu ya kila mtu katika kaya. Binti mkubwa hakuwepo, basi baba akamjibia kwa fahari: "Huyo ana digrii." Kasomea nini? "Dini. Kasoma chuo cha Kiislamu." Mdadisi akaandika, akaaga.

Binti huyo ana shahada ya sheria na sharia ya Kiislamu, na ni mwaka wa pili anatafuta kazi ya sheria. Jioni alipopata habari alisema kwa upole: "Baba, miaka yote ile imefutwa kwa neno moja."

Mzee hakukusudia uongo. Aliulizwa kilichosomwa, akajibu mahali kiliposomwa. Tunakiri kuwa wengi wetu tungejibu hivyo hivyo.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya utafiti huu mara kadhaa, ukiwemo wa mwaka 2014 na wa 2020/21. Haufiki kila nyumba. Kaya chache huteuliwa, na kila moja husimama badala ya nyingine nyingi. Kosa la mlango mmoja, basi, haliishii mlangoni.

Ili masomo yaweze kuhesabiwa, hupewa tarakimu. Katika mfumo wa kimataifa uliotolewa na UNESCO mwaka 2013, dini na theolojia ni 0221, sheria ni 0421, na fedha, benki na bima ni 0412. Kinachotazamwa ni kiini cha masomo yenyewe, wala si jina la chuo. Lakini mwenye kupanga tarakimu hamwoni msomi. Analo neno lililoandikwa tu. Likiandikwa "dini", mwanasheria asiye na kazi hutoweka katika safu ya wanasheria. Kesho tukilalamika kwamba vijana wetu wenye taaluma hawaonekani, tujiulize ni nani aliyewaficha.

Hatusemi kwamba kuandikwa dini ni unyonge, hasha. Aliyesomea dini aandikwe dini, naye ajivunie. Tunachosema ni kila mmoja aandikwe alichokisomea, kwani kumsemea asiyekuwepo ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Wazazi wenzetu, tuwaulize vijana wetu jina kamili la shahada zao, tuliandike kama lilivyo kwenye cheti, na tulihifadhi pamoja na nyaraka za nyumbani. Mdadisi akija, tutaje kwanza kiwango, kisha somo. Chuo kije mwisho. Masomo yakiwa mawili, tuyataje yote mawili. Tusipojua, tumpigie simu mhusika kuliko kukisia. Na anayehofia siri zake ajue kwamba Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda taarifa za mtu binafsi. Ana haki ya kuomba kitambulisho cha mdadisi kabla ya kujibu.

Mzee wetu alirudi asubuhi yake kwa mjumbe wa mtaa, akamtafuta mdadisi kabla hajaondoka, jibu likasahihishwa. Si kila mtu atamuwahi mdadisi wake.