Sababu, Nia na Uwezo: Kupima Mkondo wa Vita vya Majirani

Kukadiria mkondo wa vita kati ya nchi mbili zinazopakana si kazi ya kuhesabu vifaru na askari peke yake, kwa kuwa hesabu hiyo huonyesha nguvu iliyopo siku mapigano yanapoanza, ilhali vita huamuliwa na nguvu inayoweza kuongezwa, kufikishwa mstari wa mbele na kudumishwa huko. Vita vya Kagera, vilivyopiganwa na Tanzania na Uganda mwaka 1978 na 1979, vinadhihirisha tofauti hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Rais Idi Amin wa Uganda yaliteka eneo la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, lenye takriban kilomita za mraba 1,800, kisha daraja la Kyaka likavunjwa, hivyo kwa kutazama ramani tu Uganda ilionekana imekwisha kushinda. Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia taifa Novemba 2, alitaja mambo matatu yanayofaa kuwa vipimo vya uchambuzi hata leo: sababu ya kupigana, nia na uwezo.

Uwezo wa Tanzania ulijificha katika ugavi, yaani utaratibu wa kuwafikishia askari chakula, mafuta na risasi. Mabasi na malori ya raia yalichukuliwa kusafirisha vikosi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mgambo, ambao ni raia waliopewa mafunzo ya kijeshi, wakaingizwa vitani hadi jeshi likapita watu 100,000. Uganda, kwa upande wake, haina pwani, na mafuta yake yalitegemea njia ya Mombasa.

Nia hupimwa kwa mshikamano wa jeshi. Jeshi la Amin lilikuwa limekumbwa na maasi hata kabla ya uvamizi, na ndiyo maana askari waliotumwa na Libya kumsaidia, walioshindwa Lukaya Machi 1979, hawakuweza kuziba pengo la wenyeji waliokuwa wakikimbia.

Sababu nayo haibaki ilivyoanza. Lengo la kwanza lilikuwa kuikomboa ardhi, lakini nchi haiwezi kumhama jirani yake, na adui aliyerudishwa nyuma ya mpaka angeweza kujipanga upya. Kwa hiyo majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliendelea kutoka Mutukula hadi Masaka na Mbarara, na Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwao.

Hata hivyo vipimo hivyo vitatu hueleza nani atashinda, si gharama ya kushinda. Yusuf Lule, aliyeshika urais baada ya Amin, alidumu siku 68 tu. Askari wa Tanzania walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Na miezi 18 ya kujifunga mkanda, ambayo Nyerere aliwaomba Watanzania, ilipita uchumi ukiwa bado umedidimia. Anayekadiria vita vya majirani hana budi kuongeza kipimo cha nne, nacho ni serikali itakayosimama upande wa pili wa mpaka bunduki zikishanyamaza, pamoja na muda ambao mshindi atalazimika kuishikilia isianguke.