Fungu la Kinga: Wajibu wa Chama kwa Wafanyakazi wa Mifugo na Mashamba



Kila mwaka Mkutano Mkuu wa chama hupitisha makisio ya mapato na matumizi. Katika makisio ya vyama vya wafugaji nimezoea kukuta fungu la dawa ya kuogesha, fungu la chanjo na fungu la posho ya mtaalamu wa mifugo. Katika vyama vya wakulima wa mpunga hukuta fungu la mbolea na la viuatilifu. Ni mara chache sana kukuta fungu kwa ajili ya mtu anayemshika ng'ombe ili achanjwe, au anayesimama katika maji ya majaruba toka asubuhi hadi jioni. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini fungu hilo ni la lazima, linunue vitu gani, na ni nani awajibike.

Hatari zenyewe

Panga likiwa kali, kila mtu huliona na hujihadhari. Hatari zinazozungumzwa hapa hazionekani kwa macho. Ni vijidudu na minyoo waishio katika damu, mkojo, maziwa, udongo na maji, nao humwingia mfanyakazi wakati akitimiza kazi aliyotumwa na chama. Kwa mkoa wetu wa Morogoro, magonjwa yafuatayo yafaa yafahamike kwa kila katibu.

(1) Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake huenezwa na mbu, hasa baada ya mvua kubwa na mafuriko. Dalili ya kwanza ni mifugo kutupa mimba kwa wingi na ndama na wana-kondoo kufa. Binadamu huupata ugonjwa huu kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kuzalisha. Mlipuko ulioanza Kenya mwishoni mwa mwaka 2006 uliingia Tanzania mwaka 2007, na Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika. Katika nchi yetu watu zaidi ya 100 walifariki.

(2) Homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi. Neno mgunda maana yake ni shamba, na jina hilo linatosha kutuonyesha mahali ugonjwa unapopatikana. Panya na wanyama wengine hutoa vijidudu kwa mkojo, na vijidudu hivyo huingia katika maji na tope, kisha katika mwili wa mfanyakazi kwa njia ya michubuko, macho au kinywa. Wakulima wa mpunga, wakata miwa na wachinjaji wako katika hatari kubwa. Mwezi Julai 2022 serikali ilitangaza mlipuko katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi: wagonjwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki.

(3) Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosi. Hupatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, na kwa kushika kondo la nyuma au ndama aliyetupwa bila kuvaa glavu. Humletea mtu homa za vipindi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na matibabu yake huchukua wiki sita au zaidi.

(4) Kimeta. Mnyama hufa ghafla, na damu isiyoganda hutoka puani na katika matundu mengine ya mwili. Vijidudu vyake huweza kukaa katika udongo kwa miongo mingi. Mzoga wa namna hiyo usipasuliwe, usichunwe wala usigawanywe kitoweo.

(5) Kichocho. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya katika ngozi ya mtu anayesimama katika mifereji na majaruba. Ugonjwa huu una dawa, lakini mtu aliyepona huweza kuupata tena siku anaporudi majini.

Kosa la kuita kila homa malaria

Mfanyakazi akipata homa, wengi husema ni malaria, hununua dawa dukani na kungoja. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi kuanzia mwaka 2007 hadi 2008 unatupa onyo. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa, zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilipofanywa, malaria ilithibitishwa kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye leptospirosisi na wenye bruselosi, magonjwa ambayo hutibika, lakini si kwa dawa ya malaria.

Kwa hiyo liko jambo moja lisilogharimu hata senti: mfanyakazi aendapo zahanati amweleze mganga kazi anayoifanya. Aseme, "Nakamua ng'ombe," au "Nalima mpunga," au "Wiki iliyopita nilizalisha ng'ombe aliyetupa mimba." Katibu naye amwandikie barua fupi yenye maelezo hayo. Barua hiyo yaweza kuokoa maisha yake.

Sheria inasemaje

Jambo hili si jipya duniani. Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wake wa kwanza wa mwaka 1919, lilitoa pendekezo juu ya kuwakinga wafanyakazi wa sufu dhidi ya kimeta. Mwezi Juni 2025 mkutano wa shirika hilo mjini Geneva ulipitisha Mkataba Namba 192 kuhusu hatari za kibiolojia mahali pa kazi. Mkataba wa namna hiyo huifunga nchi inapouridhia, lakini sisi hatuna sababu ya kungoja, kwani sheria zetu zipo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na kuangalia afya za wafanyakazi wake. Chama kinapoajiri mkamuaji, mchinjaji au mlinzi wa ghala, chama ndicho mwajiri. Aidha, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko unaolipa matibabu na fidia kwa anayeugua au kuumia kwa sababu ya kazi, na pensheni kwa wategemezi wake akifariki. Mchango hutolewa na mwajiri; mshahara wa mfanyakazi haukatwi.

Wako makatibu wasemao, "Huyu ni kibarua wa msimu tu, si mtumishi wetu." Lakini maji ya jaruba hayatofautishi kibarua na mtumishi wa kudumu. Kibarua asiye katika daftari la chama, akiugua, hana karatasi ya kuthibitisha kwamba aliugulia kazini, na mzigo wote huiangukia familia yake. Mwanachama anayekamua ng'ombe wake mwenyewe naye aelewe kwamba Mfuko huo ni wa walioajiriwa. Kinga yake ni vifaa vyake na bima ya afya yake.

Yapasayo kufanywa

1. Bodi iweke katika makisio fungu la kinga: gambuti, glavu, ovaroli, miwani kwa wachinjaji, sabuni, na sanduku la huduma ya kwanza. Vyama vya maziwa vyaweza kulipata kwa makato madogo kwa kila lita, kwa idhini ya Mkutano Mkuu.

2. Vifaa vikae mahali pa kazi, visifungiwe ofisini, na maji ya kunawa yawepo. Michubuko ifunikwe kabla ya kuingia majini.

3. Panya wapunguzwe katika maghala, na nyasi kando ya mifereji zifyekwe.

4. Kondo la nyuma na ndama waliotupwa vichomwe au vifukiwe kwa kina. Mnyama akifa ghafla, au mifugo ikitupa mimba kwa wingi, kazi isimame na Afisa Mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo.

5. Katibu afungue daftari la homa na ajali: jina, kazi, tarehe ya kuanza kuugua, na mahali alipotibiwa. Vibarua nao waandikwe.

Kwa vyama vya Mazimbu na jirani zake ushauri hauko mbali. Makazi yaliyokuwa ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, yaliyokabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992, leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo hicho kina madaktari wa mifugo na watafiti waliochunguza panya na leptospirosisi kwa miaka mingi. Bodi iandike barua ya kuomba mtaalamu aje kuzungumza na wanachama kabla ya mvua za masika.

Katika ukaguzi ujao, pamoja na daftari la fedha na hati za malipo, nitaomba kuonyeshwa daftari la homa na ajali na stakabadhi za vifaa vya kinga. Gambuti zenyewe nitataka kuzikuta zina tope.