Paka Mzee Anaposusa Chakula

Paka anayelinda mahindi dhidi ya panya katika nyumba ya Bariadi akizeeka na kukonda, ni rahisi kusema ni umri tu. Mara nyingi si umri: ni meno mabovu, figo au tezi ya shingoni, na daktari wa mifugo ndiye wa kuonwa kwanza. Akisusa siku mbili mfululizo asisubiriwe, kwani ini lake laweza kujaa mafuta.

Paka huchagua chakula kwa pua. Dagaa wa Ziwa Viktoria, wakioshwa mchanga ukatoka, wakachemshwa bila kitunguu na kupewa wakiwa vuguvugu, kidogo kidogo mara nne kwa siku, humvuta. Parasetamoli asipewe kamwe. Hata nusu kidonge chaweza kumwua.