Ardhilhali ya Mwenye Nyumba: Makazi ya Kipini Mbele ya Watunga Sheria

Utangulizi

Katika Kiswahili, kauli "mwenye nyumba" hubeba maana kadhaa. Kwa mpangaji, mwenye nyumba ni yule apokeaye kodi. Kwa mgeni, ni mwenyeji wake. Kwa karani wa ardhi, hata hivyo, nyumba haina mwenyewe mpaka kiwanja kilichoibeba kiwe na jina katika sajili. Katika miji midogo ya pwani ya Kenya, maana hizi hazikutani kwa mtu mmoja kila mara. Mtu aweza kuwa amezaliwa ndani ya nyumba, akaijenga upya kwa mikono yake, akazika wazee wake karibu nayo, na bado asiwe na karatasi yoyote ya kumtambulisha kuwa mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza njia ambayo wenye nyumba wa aina hiyo hupitia wanapopeleka haja yao kwa watunga sheria. Mji wa Kipini, ulioko kwenye mdomo wa Mto Tana katika eneo bunge la Garsen, Kaunti ya Tana River, umechukuliwa kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba katika safari hiyo lugha si chombo cha kufikishia haja tu. Neno analochagua mwombaji laweza kuamua ni haki ipi atakayopewa.

Kipini na historia ya ardhi ya Pwani

Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu Kipini kwa jina la Fumo Liongo, kwani mapokeo ya wenyeji yanasema kuwa kaburi lake liko huko. Karibu na mji kuna magofu ya Ungwana, mji wa mawe uliochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Kwa hiyo, suala la makazi hapa si la jana wala juzi. Watu wamejenga, wamehama na wamejenga tena kwa karne nyingi.

Katika historia ya sheria, Kipini ina umaarufu mwingine. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 ulipoweka mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar barani, ukanda wa maili 10 ulianzia kusini katika Mto Minengani na kuishia kaskazini Kipini. Mji huu, basi, ulikuwa ukingo wa ramani. Mwaka 1895 Sultani aliukabidhi ukanda huo chini ya utawala wa Waingereza, na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi za Pwani. Sheria hiyo ilimtaka kila aliyedai ardhi ajitokeze na kuwasilisha dai lake katika muda uliowekwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza.

Utaratibu huo uliwafaa waliojua kusoma matangazo ya serikali na waliokuwa na nyaraka. Mkulima, mvuvi na mfugaji waliotumia ardhi kwa mujibu wa mila hawakuona sababu ya kudai kile ambacho tayari kilikuwa chao. Kenya ilipokaribia uhuru, barua zilizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte mnamo Oktoba 1963 ziliahidi kuwa hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitaendelea kutambuliwa. Aliyekuwa na hati akalindwa, na asiyekuwa nayo akabaki alipokuwa. Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka 2012 ilipopitishwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini matokeo yake hayakufutika pamoja nayo.

Nyumba bila ardhi

Katika mila za Pwani, kilicho juu ya ardhi chaweza kuwa na mwenyewe tofauti na ardhi yenyewe. Mnazi huweza kuwa wa mtu mmoja na shamba likawa la mwingine. Vivyo hivyo nyumba. Mombasa ina mitaa ambamo mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kulipa kodi ya ardhi kila mwezi, akauza nyumba pasipo kuuza ardhi. Sheria ya Kiingereza iliegemea msingi ulio kinyume, yaani kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Mifumo hiyo miwili inapogongana, aghalabu aumiaye ni mwenye nyumba.

Methali husema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Kwa mtu asiye na hati, mambo hugeuka. Nyumba yake yaweza kuwa njema ndani na nje, lakini benki haitaipokea kuwa dhamana, na mradi wa umma ukipita hapo, haki yake ya fidia huwa na mashaka. Hata hivyo, Katiba ya 2010 imefungua upenyo. Ibara ya 40(4) inaruhusu kuwekwa utaratibu wa kuwafidia wakaaji wenye nia njema wa ardhi iliyotwaliwa hata kama hawana hati. Ibara ya 43 nayo inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha.

Bahari, mto na moto

Kipini ina tatizo ambalo hati peke yake haiwezi kulitatua. Ufuo wake umekuwa ukiliwa na bahari kwa miaka mingi. Mto Tana huleta mashapo pwani, lakini sehemu yake hunaswa na mabwawa ya umeme yaliyoko juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Aidha, mto huohuo hufurika. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya 2023 na 2024 yaliwatoa watu wengi majumbani katika bonde la chini la Tana.

Hapa sheria inazua swali zito. Ibara ya 62 ya Katiba inasema kuwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Bahari inaposogea, alama hiyo nayo husogea. Mwenye nyumba aliyejenga mbali na maji aweza kujikuta, bila ya kuhama wala kuuza, juu ya ardhi ambayo Katiba inaiweka mikononi mwa umma.

Msiba wa tatu ni wa mikono ya watu. Katika mapigano ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 katika Delta ya Tana, zaidi ya watu 100 waliuawa na nyumba nyingi zikateketezwa, zikiwamo za Kilelengwani. Aliyerudi na kukuta majivu alihitaji zaidi ya mabati na miti. Alihitaji kutambuliwa kuwa pale palikuwa kwake.

Ardhilhali na umbo lake

Njia rasmi ya kuwafikia watunga sheria ni kuwasilisha ombi la maandishi. Katika Kiswahili cha Bunge la Kenya, ombi hilo huitwa ardhilhali. Sikio huweza kudhani kuwa neno hili limetokana na "ardhi", hasa pale linapohusu mashamba na viwanja. Sivyo. "Ardhi" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya dunia au nchi kavu na linaloanza kwa hamza, ilhali sehemu ya kwanza ya "ardhilhali" imetokana na neno jingine linaloanza kwa herufi ya ain na lenye maana ya kuonyesha au kuwasilisha. "Hali" ni ile hali tuijuayo. Ardhilhali, basi, ni kuiweka hali ya mtu wazi mbele ya mwenye mamlaka.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge kutunga, kurekebisha au kufuta sheria, au kushughulikia jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Sheria ya utaratibu wa maombi kwa Bunge ya mwaka 2012 inaeleza umbo la ombi hilo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima na ya kiasi. Lisiwe na mfuto wala maneno yaliyochomekwa. Lieleze kama mwombaji amewahi kuiendea taasisi husika na alijibiwa nini. Liseme kama shauri hilo liko mahakamani. Limalizike kwa haja mahususi iliyo wazi, sehemu ambayo katika Kiingereza huitwa kwa neno lilelile la sala. Mwombaji aweke sahihi, au alama ya kidole gumba ikiwa hawezi kutia sahihi.

Msomi wa tanzu atatambua kuwa huu ni utanzu kamili wenye msemaji, hadhira, simulizi na kilele. Masimulizi ya wazee kuhusu nyumba huanza na nasaba, yakapitia misiba, yakaishia kwenye mawaidha. Ardhilhali hudai kinyume chake, yaani ufupi, ushahidi na haja moja iliyo bayana. Haja isemayo "tusaidiwe" humpa mbunge nafasi ya kuhurumia tu. Haja isemayo "ardhi ya kijiji hiki ipimwe na wakaaji wake wapewe hati" humlazimu kujibu.

Aendewe nani?

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Sera ya makazi ni ya serikali ya kitaifa, ilhali upimaji wa ardhi, mipango ya miji na nyumba katika ngazi ya kaunti ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo, wenye nyumba wa wadi za Kipini Mashariki na Kipini Magharibi wanaotaka mji wao upangwe watawaendea wawakilishi wao katika Bunge la Kaunti huko Hola. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki ya kuliomba bunge hilo. Wanaotaka sheria ya kitaifa irekebishwe, kama ile ya ufuo, watalielekea Bunge la Taifa au Seneti.

Kuna sababu nyingine ya kufika Nairobi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 inatoza asilimia 1.5 ya mshahara au mapato ghafi. Mvuvi wa Kipini ambaye nyumba yake iko ukingoni mwa maji ana haki ya kuuliza mfuko huo una nafasi gani kwake.

Uzito wa neno moja

Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinawataja wanaostahiki kupewa ardhi katika mipango ya serikali ya makazi. Miongoni mwao ni maskwota, na vilevile watu waliohamishwa na maumbile, na miradi ya maendeleo, au na migogoro ya ndani. Ona uzito wa maneno haya. Mtu mmoja wa Kipini aweza kuingia katika makundi matatu. Akijiita skwota, amekubali kuwa ameketi pasipo pake, na ameikana historia ya wazee wake kabla hajasikilizwa. Akijieleza kuwa mwenye nyumba aliyehamishwa na bahari au na vita, anabaki ndani ya sheria ileile, lakini anaingia kwa mlango wa heshima.

Neno "skwota" limezoeleka magazetini na vinywani mwa viongozi hata watu wenyewe hulitumia. Ndipo umuhimu wa lugha unapoonekana. Kabla ya hakimu, mpimaji au mbunge kumwambia mtu kuwa hana kwao, neno laweza kuwa limekwisha kumwambia.

Hitimisho

Imebainika kuwa kero ya makazi Kipini ina mizizi katika mikataba, sheria ya 1908, mgongano wa mila na hati, na nguvu za bahari na mto. Imebainika pia kuwa Katiba imeacha mlango wazi kwa yeyote anayeweza kuieleza hali yake kwa mpangilio. Tangu mwaka 1974 Kiswahili kimekuwa na nafasi katika Bunge la Kenya, na Ibara ya 120 ya Katiba imekifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mwenye nyumba wa Kipini, kwa hiyo, hahitaji mkalimani ili asikike. Anachohitaji ni watu wa kumsaidia kuandika anachokijua. Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa insha, barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Ardhilhali yastahili kuwekwa katika orodha hiyo, kwani hapo ndipo stadi za darasani zinapoweza kumwacha mtu chini ya paa lake.