Watoto wa wakulima wajengewe mabweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu watoto wetu wa sekondari. Kila matokeo ya kidato cha nne yatangazwapo hulaumiwa walimu, au watoto wenyewe kwamba ni wavivu. Nyumbani anakotoka mtoto hapatajwi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Niliwahi kuwafundisha darasa la saba wavulana wawili waliopokezana nafasi ya kwanza, wote watoto wa wakulima wa mpunga. Mmoja alichukuliwa na mjomba wake, karani mjini. Wa pili alibaki, akaingia sekondari ya kata. Zote ni shule za serikali, na hakuna aliyelipa ada, maana Serikali iliifuta kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016. Yule wa mjini alipata daraja la pili. Huyu wetu alipata sifuri.

Sikuridhika, nikaenda kwao kuuliza. Alikuwa akitembea kilometa tisa kwenda na tisa kurudi. Mpunga ukianza kutoa masuke alikosa shule wiki nzima nzima akiamia ndege, kwa sababu baba yake hana fedha za kibarua. Chakula cha mchana shuleni ni kwa mchango. Mwezi ambao mzee hakuchanga, kijana alishinda njaa. Usiku taa yake ilikuwa tochi ya simu ya baba, na baba akitoka na simu yake, kusoma kumekwisha. Mwenzake alikuwa na umeme, meza, masomo ya ziada ya kulipia, na mjomba wa kumfafanulia Kiingereza.

Hicho Kiingereza nacho ni mzigo. Sisi hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, Jiografia na Bayolojia zote zinageuka lugha. Mtoto wa mwenye nacho aliizoea tangu chekechea katika shule za kulipia. Kijana wangu alinifungulia daftari la Bayolojia, mwandiko safi kabisa. Nikamwuliza maana ya sentensi moja. Akaisema yote kwa moyo, maana hakuijua. Nami nakiri, Kiingereza nilichompa mimi kilikuwa haba.

Wapo watakaosema kwamba viongozi wengi walitoka vijijini wakafaulu. Ni kweli, lakini walisomea wapi? Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa bwenini Tabora. Bwenini mtoto wa mkulima na wa mkubwa hula ugali wa sufuria moja, na usiku husoma kwa taa moja. Shule za kata zilizoenea baada ya mpango wa mwaka 2004 zimetusogezea sekondari, na tunashukuru, ila nyingi ni za kutwa.

Naziomba halmashauri zijenge mabweni katika shule hizo, hata kwa kuanzia na kidato cha tatu na cha nne. Nasi wazazi tukubaliwe kuchanga madebe ya mpunga wakati wa mavuno, maana mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kijana huyo nimemshauri arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ameniuliza atasoma saa ngapi.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa.